Mashine Pepe: Historia ya Kuomba Kompyuta na Suala la Istilahi Zake

UTANGULIZI

Mfasiri apewapo waraka wa zabuni, mwongozo wa idara ya teknolojia ya habari au mkataba wa kutengeneza programu, hazitapita kurasa nyingi kabla hajakutana na kitu ambacho kwa Kiingereza huitwa 'virtual machine'. Hapo ndipo kalamu husita. Katika maandishi ya Kiswahili tumekuta kitu hicho kikiitwa mashine pepe, mashine dhahania, mashine ya kufikirika, mashine bandia, mashine kivuli na hata mashine ya mtandaoni. Mwandishi mmoja aweza kutumia mawili au matatu kati ya majina hayo katika waraka mmoja, na msomaji akadhani kwamba ameelezwa vitu vitatu.

Lau hili lingekuwa jambo la maneno matupu, tungeliacha liamuliwe na matumizi. Lakini mashine hizi huombwa, hugawiwa, hulipiwa na hutakiwa kurudishwa. Timu ya waandishi wa programu huhitaji mashine moja ya kuandikia, nyingine ya kujaribia, nyingine ya kuonyeshea kazi kwa wenye kuiagiza, na kila moja huombewa kibali. Ofisa anayepokea ombi hilo, akisoma kwamba kinachotakiwa ni 'mashine ya kufikirika', ana haki ya kuuliza kwa nini kitu cha kufikirika kitengewe fedha. Au, lililo baya zaidi, ataidhinisha bila kuuliza lolote, kwa kuwa kitu cha kufikirika hakiwezi kuwa na gharama. Makosa hayo yote mawili chanzo chake ni istilahi.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya mashine hizi, hasa namna watu walivyokuwa wakiziomba na kuzisimamia tangu miaka ya 1960. Pili, kupima majina yaliyotajwa hapo juu kwa kutumia historia hiyo, na kupendekeza istilahi za kufanyia kazi.

KOMPYUTA MOJA, WATU WENGI

Katika miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa chombo cha kujaza chumba kizima, na bei yake katika zile kubwa ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Mwandishi wa programu hakuigusa. Alitoboa amri zake katika kadi, akazipanga kwa utaratibu wake, akazikabidhi kwa mwendeshaji wa mashine, kisha akangoja. Kadi zake zilisomwa pamoja na za wenzake kwa zamu, na majibu yalitoka yakiwa yamechapwa katika karatasi baada ya saa kadhaa au hata kesho yake. Koma moja ikiwa imekosewa, kazi nzima ilirudishwa na mwenyewe akaanza tena kupanga foleni.

Utaratibu huo ulilinda muda wa mashine na kuharibu muda wa binadamu. Kwa kuwa mashine ilikuwa ghali kuliko mshahara wa mtu, wakubwa waliona ni sawa. Mwaka 1959 walitokea watu wawili waliodai kwamba si sawa. Tarehe 1 Januari mwaka huo John McCarthy wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), nchini Marekani, aliandika waraka akipendekeza kompyuta itumiwe na watu wengi kwa wakati mmoja. Mwezi Juni, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, Mwingereza Christopher Strachey alisoma makala juu ya kugawana muda wa kompyuta kubwa. Wazo lilikuwa jepesi kueleza: mashine ina kasi kubwa kuliko mtu, basi imhudumie huyu kwa sehemu ndogo ya sekunde, imwendee yule, kisha irudi kwa wa kwanza kabla hajatambua kwamba iliondoka.

Mnamo Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo uliofanya hivyo, ulioitwa CTSS. Mtu aliketi mbele ya chombo mfano wa taipureta, akaandika amri, akajibiwa papo hapo. Hata hivyo ulibaki upungufu mmoja. Watumiaji wote walitumia mfumo mmoja wa uendeshaji. Aliyetaka kuandika au kurekebisha mfumo wenyewe wa uendeshaji hakuweza kufanya hivyo wenzake wakiwa kazini, maana kosa lake moja lingewaangusha wote. Mtu huyo alilazimika kuomba mashine nzima apewe peke yake, na kwa kawaida zamu hiyo ilikuwa ya usiku. Kutokana na haja ya watu wa namna hii ndipo yalipotokea tunayoyazungumzia.

KAZI YA CAMBRIDGE

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360. Mwaka huo huo kampuni ilifungua kituo cha utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, chini ya Norman Rasmussen, jirani kabisa na MIT. Kundi dogo la kituo hicho, likiongozwa na Robert Creasy aliyekuwa amefanya kazi katika CTSS, lilianza mwishoni mwa mwaka 1964 kujenga mfumo ulioitwa CP-40. Mfumo huo ulikuwa ukitumika kwa kazi za kila siku kufikia Januari 1967.

Waliokuwa wakigawana kompyuta kabla yao waligawana muda na faili ndani ya mfumo mmoja. Kundi la Creasy liligawa mashine yenyewe. Programu yao ya udhibiti ilikaa juu ya kompyuta halisi na kumpa kila mtumiaji kitu kilichokuwa sawa, kwa kila alama inayoonekana na programu, na kompyuta tupu ya System/360: kumbukumbu yake, diski zake, hata kisoma kadi na mashine ya kuchapa. CP-40 iliweza kubeba mashine za namna hiyo hadi 14 kwa wakati mmoja. Ndani ya kila moja mtumiaji aliweza kuendesha mfumo wowote wa uendeshaji autakao. Kwa kazi za kawaida walimtengenezea mfumo mdogo wa mtu mmoja ulioitwa CMS.

Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, kwa kuwa uamuzi wa istilahi utategemea maelezo haya. Amri za kawaida za programu ya mtumiaji, kama vile kujumlisha au kuhamisha tarakimu, zilitekelezwa moja kwa moja na prosesa halisi, bila mtu wa kati. Programu ilipojaribu amri nyeti, kwa mfano kuagiza diski au kubadili mipaka ya kumbukumbu, prosesa ilisimama na kumwita mdhibiti. Mdhibiti alitazama kama mtumiaji ana haki ya kufanya hivyo, akamfanyia ndani ya mipaka ya fungu lake, kisha akamruhusu kuendelea. Kwa hiyo kazi ilifanywa kweli, na chuma cha kweli, kwa umeme wa kweli. Kilichokosekana ni kabati la peke yake.

Mfumo uliofuata, CP-67, ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya Model 67, na kufikia mwaka 1968 yalikuwapo makampuni yaliyouza muda wa mashine hizo kwa wateja. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370, na tangu hapo jambo lililoanzia katika kituo kidogo cha utafiti likawa bidhaa rasmi.

Kisa kimoja cha wakati huo kinastahili kukumbukwa na kila mwenye kutaka kuiita mashine hii 'ya kufikirika'. Kabla kompyuta za System/370 zenye vyombo vya kutafsiri anwani za kumbukumbu hazijapatikana, CP-67 ilirekebishwa ili iweze kutoa mashine zenye tabia ya System/370. Waandishi wa programu waliandika na kujaribu programu zao humo. Kompyuta zenyewe zilipofika, programu zilikuwa tayari.

DAFTARI LA MASHINE

Wasomaji wetu ambao ni watumishi wa ofisi watapenda kujua mashine hizo ziliombwa na kutunzwaje. Jibu ni kwamba zilitunzwa kwa daftari. Katika CP-67 na VM/370 haikuwapo mashine yoyote isiyokuwa na ingizo lake katika orodha rasmi ya mfumo. Ingizo hilo lilitaja jina la mashine na neno lake la siri, ukubwa wa kumbukumbu yake, sehemu za diski ilizopewa, vifaa vyake, na daraja la madaraka yake. Mtumiaji wa kawaida aliwekwa daraja la G, ambalo lilimruhusu kutawala mashine yake tu. Mwendeshaji mkuu wa mfumo mzima alikuwa daraja la A. Mtu aliyetaka mashine mpya au kumbukumbu zaidi alimwomba mtunza orodha, naye akaandika au akakataa.

Utaratibu huu ulikuwa na mambo matatu ambayo tungependa yasipotee katika tafsiri. Kwanza, kila mashine ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana kwa jina. Pili, kila mashine ilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Tatu, jumla ya viasi vilivyoandikwa iliweza kuzidi kilichomo katika kompyuta halisi, kwa kutegemea kwamba wote hawatadai haki yao kwa pamoja. Mdhibiti aliziondoa kurasa za kumbukumbu zisizotumika na kuziweka katika diski au ngoma ya sumaku, akazirejesha zilipohitajika. Wote walipodai kwa pamoja, mashine ilishinda ikihamisha kurasa badala ya kufanya kazi, na kila mtu akalalamika kwamba mfumo umekuwa mzito. Mtu yeyote aliyewahi kuishi katika mtaa wenye mgao wa maji anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoweka masharti ya kinadharia ya mdhibiti wa mashine hizi. Masharti yao ni matatu: programu ifanye kazi ndani ya mashine hiyo kama ambavyo ingefanya katika mashine halisi, isipokuwa tofauti za muda na za kiasi cha rasilimali, sehemu kubwa ya amri itekelezwe moja kwa moja na prosesa halisi, na mdhibiti awe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote. Mpaka leo masharti hayo ndiyo kipimo, nasi tutayatumia hapa chini.

KUSAHAULIWA NA KUFUFUKA

Katika miaka ya 1980 kompyuta zilipungua bei. IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani mwezi Agosti 1981, na nyingine nyingi zikafuata. Mtu mwenye kompyuta yake mezani haoni sababu ya kuomba fungu katika kompyuta ya mwingine, hivyo elimu ya Cambridge ilibaki kwa wenye kompyuta kubwa tu.

Katika nchi yetu hali ilikuwa ya namna nyingine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo watumishi wetu waliijua kompyuta kwanza kama chombo kikubwa cha kuombewa kibali, na baadaye, vizuizi vilipolegezwa, kama kifaa cha mezani chenye namba ya mali iliyobandikwa ubavuni. Hatua ya katikati, ile ya fungu la kompyuta lenye mwenyewe lakini lisilo na mwili, wengi wetu hatukuipitia. Hii ni sababu mojawapo ya lugha yetu kukosa neno lake mapema.

Ufufuo ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford, ambako mwaka 1997 Edouard Bugnion, Scott Devine na Mendel Rosenblum walieleza mfumo uliorudisha wazo la mdhibiti. Mwaka uliofuata walishiriki kuanzisha kampuni ya VMware pamoja na Diane Greene na Ellen Wang. Ugumu wao ulikuwa kwamba prosesa za kompyuta za mezani hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg: baadhi ya amri nyeti hazikusimama kumwita mdhibiti. Bidhaa yao ya mwaka 1999 iliuepa ugumu huo kwa kuziandika upya amri hizo papo hapo kabla hazijatekelezwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, safari hii Cambridge ya Uingereza, walichapisha habari za mfumo wao ulioitwa Xen. Miaka ya 2005 na 2006 watengenezaji wa prosesa, Intel na AMD, waliongeza katika bidhaa zao vyombo vya kumsaidia mdhibiti. Mwaka 2007 mdhibiti aitwaye KVM aliingizwa katika mfumo wa Linux.

Vyumba vya seva vilikuwa vikiungojea ufufuo huo. Desturi ilikuwa kuipa kila kazi seva yake, moja ya barua, moja ya mishahara, moja ya masjala, na nyingi kati yake zilikaa bila shughuli sehemu kubwa ya siku huku zikila umeme na kuhitaji kupoozwa. Kuzikusanya kazi hizo katika seva chache, kila kazi ndani ya mashine yake, kulipunguza gharama waziwazi.

OMBI LISILO NA BARUA

Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Amazon ilifungua huduma ya kukodisha mashine za namna hii kwa mtu yeyote mwenye kuweza kulipa, kwa senti 10 za Marekani kwa saa kwa mashine ndogo. Ombi halikuandikiwa barua wala halikujaziwa fomu. Lilitumwa na programu, likajibiwa na programu nyingine, na mashine ikawa tayari kwa dakika chache. Mwaka 2010 shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace, walianzisha OpenStack, programu huria ambayo taasisi yoyote yaweza kuitumia kujenga huduma kama hiyo katika seva zake yenyewe. Mwaka huo huo ilitolewa programu ya Vagrant, ambayo huiwezesha timu kuandika maelezo ya mashine wanayoitaka katika faili moja, na kila mmoja wao akapata mashine iliyo sawa na ya wenzake.

Kwa timu ya waandishi wa programu, manufaa yake ni makubwa. Ajira mpya akiripoti asubuhi, mchana ana mahali pa kufanyia kazi. Anayetaka kujaribu jambo la hatari hupiga kwanza nakala ya hali ya mashine, hujaribu, na akiharibu huirudisha ilivyokuwa. Hitilafu iliyotokea kwa mteja mwenye mfumo wa zamani huweza kuundiwa mazingira yale yale na kuchunguzwa.

Lakini urahisi wa kuomba haukuja na urahisi wa kurudisha. Hii ndiyo taabu kubwa ya usimamizi wa mashine hizi. Mashine huombwa kwa jaribio la wiki mbili. Jaribio linakwisha, aliyeomba anahamishiwa kazi nyingine, na mashine inaendelea kuwaka. Hakuna anayethubutu kuizima kwa kuwa hakuna anayejua ni ya nani. Wakati huo huo inashikilia kumbukumbu na diski ambazo timu nyingine inaambiwa zimekwisha, haipokei marekebisho ya usalama, na pengine ndani yake mna nakala ya taarifa za watu zilizochukuliwa kwa ajili ya majaribio. Kompyuta ya mezani iliyotelekezwa huonekana na mfagizi. Mashine ya aina hii haionekani na mtu, na huweza kugunduliwa siku ya ukaguzi au siku ya kuvamiwa.

KUYAPIMA MAJINA

Baada ya historia hiyo twaweza kuyapima majina yanayoshindana.

Mashine ya mtandaoni. Jina hili halifai. CP-40 ilikuwa ikifanya kazi mwaka 1967, na ARPANET, mzazi wa intaneti, ilianza mwaka 1969. Hata leo mashine hii huweza kuendeshwa ndani ya kompyuta isiyounganishwa na chochote. Neno 'mtandaoni' linafaa kwa mkutano au kwa mafunzo, ambako mtandao ndio ukumbi. Kosa hapa limetokana na kudhani kwamba neno moja la Kiingereza lazima lipate neno moja la Kiswahili kila mahali.

Mashine dhahania na mashine ya kufikirika. Kilicho dhahania kimo katika fikra tu. Mashine hii hukokotoa mishahara ya watu. Tena kipo kitu kingine kinachostahili zaidi jina hilo: wataalamu wa lugha za kompyuta hubuni mashine zisizo na kielelezo cha chuma ili programu ziandikwe kwa ajili yake, kama ile ya lugha ya Java iliyotangazwa mwaka 1995. Tukiiita ya Creasy 'dhahania', tutakosa jina la kuitofautisha na hiyo.

Mashine bandia. Yafaa wasomaji wajue kwamba watu wa Cambridge wenyewe walipitia hapa. Mwanzoni walitumia jina lenye kiambishi cha Kigiriki 'pseudo', yaani cha uongo. Baadaye wakachukua 'virtual', lililokuwa likitumiwa na watafiti wenzao wa IBM huko Yorktown Heights. Neno hilo asili yake ni Kilatini 'virtus', lenye maana ya nguvu au ubora: kitu ni 'virtual' kinapokuwa na nguvu na athari za jambo fulani pasipo kuwa na umbo lake. Waliotengeneza mashine waliliacha neno la uongo wakachagua neno la nguvu. Haifai sisi turudi walikotoka.

Mashine kivuli. Jina hili lina ubora mmoja, kwamba kivuli hutegemea mwili, na mwili ukianguka nacho huanguka. Lakini kivuli hakifanyi kazi, na tumezoea 'waziri kivuli' kuwa mtu asiye na wizara.

Mashine pepe. Hili ndilo lililoenea zaidi, likifuata 'barua pepe'. Lina kasoro ambayo mkulima wa mpunga ataiona kabla ya mtaalamu wa lugha. Pepe ni punje isiyo na kiini. Ina ganda, lakini ukiipepeta hupeperuka na makapi. Mashine tunayoieleza ni kinyume chake: haina ganda, lakini kiini inacho. Kasoro ya pili ni ya uzalishaji. Kutoka 'pepe' hatuwezi kuunda kitenzi kwa usalama, maana 'pepesa' ni ya macho na 'pepea' ni ya moto na bendera.

Pamoja na kasoro hizo, tunapendekeza 'mashine pepe' likubaliwe. Sababu yetu ni kwamba istilahi hupimwa pia kwa kukubalika. Nchini Kenya 'tarakilishi' liliundwa kwa uangalifu kutokana na tarakimu na akili, na limeshika vitabuni na shuleni, lakini mitaani, huko na huku, watu wanasema kompyuta. 'Barua pepe' limekwisha kuivuta maana ya neno: mtu afunguapo barua pepe yenye agizo la mkubwa wake haioni kuwa tupu. Kupigana na matumizi yaliyokwisha kukita mizizi ni kupoteza nguvu zinazohitajika penginepo, yaani katika maneno yanayolizunguka jina hilo.

ISTILAHI ZA OMBI NA USIMAMIZI

Tunaona kwamba uzito uliopungua katika neno 'pepe' waweza kurejeshwa na vitenzi. Maandishi mengi husema mashine pepe 'inaundwa' na 'inafutwa'. Kuunda ni kutoa kitu ambacho hakikuwapo, na kufuta ni kama kufuta ubao; vyote viwili havimkumbushi msomaji kwamba kuna ghala lililopungua. Historia ya daftari la VM/370 inatufundisha vitenzi vilivyo sahihi zaidi: mashine pepe hutengwa kutoka katika kompyuta halisi, na mgao wake hurejeshwa. Mtumishi yeyote anayejua utaratibu wa stoo ataelewa kwamba kilichotengwa kina aliyekipokea na siku ya kukirudisha.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

i) Mashine pepe: fungu la kompyuta halisi lililotengwa na kudhibitiwa hivi kwamba programu zilizomo hufanya kazi kama zilizo katika kompyuta kamili ya peke yake.

ii) Mwenyeji: kompyuta halisi inayobeba mashine pepe. Mgeni: mfumo wa uendeshaji uliomo ndani ya mashine pepe. Maneno haya yamekwisha kutumiwa na wafasiri, nayo yameingia katika Kiswahili bila kulazimishwa, kwa kuwa sisi pia tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

iii) Msimamizi mkuu: programu inayogawa rasilimali za mwenyeji na kuwadhibiti wageni. Tunaongeza 'mkuu' kwa sababu mfumo wa uendeshaji nao ni msimamizi wa programu zake. Huyu yu juu yao.

iv) Mgao: kiasi cha prosesa, kumbukumbu na diski kilichoandikwa kwa mashine pepe moja. Mgao uliozidi: hali ambayo jumla ya migao inapita rasilimali za mwenyeji.

v) Kiolezo: mashine pepe iliyotayarishwa ili nyingine zinakiliwe kutokana nayo.

vi) Nakala ya hali: kumbukumbu ya jinsi mashine pepe ilivyokuwa kwa wakati fulani. Isichanganywe na nakala rudufu, ambayo hutunzwa mbali na mwenyeji. Nakala ya hali ikiwa imekaa katika diski za mwenyeji, diski hizo zikiharibika huharibika pamoja nazo.

vii) Kontena: fungu linalotenga programu bila kuwa na mfumo wake wa uendeshaji, kama lilivyoenezwa na Docker tangu mwaka 2013. Kontena si mashine pepe, kwa kuwa makontena yote ya mwenyeji mmoja hutegemea kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji.

viii) Ukomo: tarehe ambayo mgao utarejeshwa usipoombewa nyongeza.

Wanaotayarisha fomu za maombi kwa Kiswahili tungewashauri zisikose mambo sita: jina la mashine pepe, mwenye kuwajibika nayo, kazi yake, mgao unaoombwa, aina ya taarifa zitakazowekwa humo, na ukomo. Mtu akihama, la pili libadilishwe siku ya makabidhiano, kama inavyofanywa kwa funguo za gari na za ofisi. Hayo yote yalikuwamo, kwa namna moja au nyingine, katika orodha za miaka ya 1970, isipokuwa ukomo na aina ya taarifa. Hizo mbili tumefundishwa na uzoefu wa baadaye.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba mashine pepe ilizaliwa kutokana na haja ya waandishi wa programu kupata kompyuta nzima bila kuwanyang'anya wenzao. Kwamba tangu mwanzo ilikuwa na daftari, mwenyewe na kiasi. Na kwamba upungufu wa leo hautokani na mashine bali na urahisi wa kuiomba uliopita uwezo wetu wa kuihesabu. Tumependekeza jina lililokwisha kuenea libaki, lakini lifuatane na vitenzi na fasili zitakazolizuia kumdanganya msomaji.

Lipo jambo moja ambalo hatukulimaliza, nalo ni jina la kitendo chenyewe cha kuigeuza kompyuta halisi kuwa mwenyeji wa mashine pepe. 'Upepeshaji' hatulikubali kwa sababu tulizozieleza. 'Ugawaji pepe' linaeleweka, lakini ni maneno mawili, na halizai kitenzi. Walimu wa kompyuta na wafasiri ambao tayari wanatumia neno jingine katika kazi zao wanaombwa walilete Barazani pamoja na mifano ya sentensi ambamo limetumika, ili lipimwe kwa vigezo hivi hivi.